H ya Mlangoni kwa Shangazi

Naandika haya nikiwa nimevimba kwa hasira, na wa kwanza kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nilipowaachia. Anayeanza leo namwambia kwa ufupi. Mimi ni mwandishi wa mabango ya maduka kwa brashi, kazi ya miaka thelathini na moja, na mitaani huniita Brashi hivyo hivyo. Mitaa yote ya kale iliyouzunguka uwanja ilikuwa imejaa mkono wangu. Kisha yakaja mabango ya umeme. Skrini moja ikameza mabango yangu kumi, nyingine ikameza ishirini, nikabaki natazama maneno ya watu yakikimbia ukutani kama mende waliomulikwa taa.

Ndipo akaja ofisa wa mradi wa kuhuisha mitaa ya kale. Sisi tumembatiza Bwana Huisha, maana neno hilo halimtoki mdomoni. Akanipa kazi: nichore herufi H, nyekundu, kwenye milango ya nyumba sitini na tatu. Nikachora. Na kila mlango niliwaambia wenyewe, "Hongereni, H ni hifadhi. Nyumba yenu haiguswi tena." Watu wakanikaribisha chai. Shangazi yangu, aliyenilea, alitaka ya kwake iwe kubwa kuliko ya jirani.

Wiki iliyopita niliishia uwanjani, saa nne asubuhi, skrini kubwa ilipowashwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu wote. Ikaonyesha mlango wenye H yangu. Chini yake zikatokea herufi nne, kila moja kubwa kama kabati.

Shangazi hajui kusoma. Alinishika mkono akauliza, "Mwanangu, limeandikwa nini?"

Haya. Tuendelee na aibu yangu.

Sikumjibu.

Aliyejibu ni Kinyozi, yule jirani yetu wa mkabala. Alikuwa nyuma yetu, kitana bado kimechomekwa nyweleni. Akapaza sauti mpaka waliokuwa mbali wakageuka.

"Limeandikwa HAMA, Shangazi! H ni hama! Huyu mtoto wako ametupaka alama ya kutufukuza, na chai yetu akanywa!"

"Hama?" Shangazi aliuliza.

"Hama. Herufi nne. Soma mwenyewe, Brashi, si wewe ndiye bingwa wa herufi?"

Shangazi aliinua kidole akazihesabu zile herufi hewani. Kuhesabu anajua sana, mshonaji asiyejua kuhesabu atakushonea suruali ya mguu mmoja. Kisha akauachia mkono wangu, kidole kimoja kimoja.

"Siku ile mlangoni nilikuuliza mara mbili kama ni hifadhi kweli," akasema. "Mara mbili, mwanangu."

Akaondoka.

Umati ukachemka. Mama wa duka la dawa alinitukana tusi ambalo sikujua kama analijua. Kandambili ya mtu ikanipiga sikioni, na mpaka leo mwenyewe hajajitokeza kuidai. Kinyozi akapanda kwenye kiti cha mng'arisha viatu akahutubia.

"Walituambia mradi wa kuhuisha! Sasa mmeelewa? Mtaa huisha! Watu huisha! Kila kitu huisha!"

Watu walicheka kicheko kichungu. Mimi nilipita katikati yao nimeinamisha kichwa, nikawaza kwamba nitamtafuta Bwana Huisha nimtie hiyo H yake mdomoni.

Tunaishi nyumba moja, ya Shangazi, ile ya kona inayotazama uwanja. Shangazi yuko chini, mbele, kwenye chumba cha kushonea chenye madirisha mawili makubwa. Karakana yangu ni chumba cha nyuma. Juu tunakaa mimi na mke wangu, Mama Pacha. Nilihamia hapo nikiwa na miaka minane, wazazi wangu walipofariki, na Shangazi akanishonea sare ya shule kwa vitambaa vilivyobaki vya wateja. Mfuko mmoja ulikuwa wa kijani, mwingine wa maua.

Mchana ule nilisikia cherehani yake ikienda bila kupumzika. Nilibisha hodi mara tatu. Cherehani haikunyamaza hata kidogo.

Nikapanda juu. Mama Pacha alikuwa ameshapata habari, na alikuwa ameshakaa mezani akinisubiri.

"Mkataba uko wapi?"

"Kwenye kopo la brashi kuukuu."

"Ulete."

"Mama Pacha, yule mtu kanidanganya. Nitakwenda kumwonyesha mkataba wake mwenyewe, ataona haya."

"Ulete kwanza, tujue nani ataona haya."

Nikauleta. Akaukunjua, akaufuta vumbi la rangi, akanitazama juu ya miwani.

"Uliusoma kabla ya kutia sahihi?"

"Niliutazama."

"Sikukuuliza kuhusu kutazama."

Hapa ndipo ninapoungama, nanyi mnicheke mkitaka. Sisi waandishi wa mabango tuna ugonjwa. Tunaona herufi, hatuoni neno. Nipe karatasi yoyote nami nitakuambia M imenenepa, nafasi ya A na V imeachama, mstari wa tatu umepanda. Maana yake uliza wengine. Nimewahi kumwandikia tabibu mmoja KUNG'OA MENO BILA MAUMIVI, bango likakaa miaka sita, na kila nikipita nilijisifu kwa zile M tatu. Siku ya mkataba nilimwambia Bwana Huisha kwamba S ya kichwa cha karatasi yake imelala. Akanisifu kwamba nina jicho kali. Nikavimba kichwa, nikasaini.

Mama Pacha akasoma kwa sauti. "'Fundi ataweka alama ya H kwenye nyumba zinazotakiwa kuhamwa.'"

Nikaiinamia karatasi nione.

"Kifungu cha pili, Baba Pacha. Kingekuwa cha ishirini ningekuhurumia. Cha pili!"

"Lakini nilimuuliza kwa mdomo..."

"Shangazi alikupeleka shule kwa nguvu za mguu wake kwenye ile pedali. Miaka yote hiyo! Ili usome kifungu cha pili tu. Cha kwanza hata ungekiruka."

Alikunja mkataba akaniwekea mbele ya sahani yangu, na chakula hakuniwekea.

Asubuhi yake nilikuwa ofisini kwa Bwana Huisha kabla mlango haujafunguliwa. Nilipoingia sikusalimu. Nami si mtu wa kuingia mahali bila salamu, mjue hasira ilikuwa imefika wapi.

Bwana Huisha alikuwa amenipa mgongo akichezea simu. Kichwa chake kilikuwa kimetoka kunyolewa, na ule mstari wa shingoni umenyooka utadhani umepigwa kwa rula. Mimi ni mtu wa mistari, nikauona. Nikauona halafu nikaupuuza, kama kawaida yangu.

"Uliniambia H ni hifadhi!" nikafoka.

Akageuka polepole. "Mimi? Lini hiyo, mzee wangu?"

"Hapa hapa! Nilikuuliza, 'H ya hifadhi, sio?' Nawe ukacheka."

"Ni kweli nilicheka," akasema. "Kucheka si kujibu."

Nilitaka kumrukia. Meza ilikuwa katikati, na ilikuwa nzito.

"Tena afadhali umekuja," akaendelea, "maana hata hiyo kazi yenyewe hukuifanya vizuri. H zote umeziweka kushoto mwa mlango. Tulitaka katikati."

"Mkono wangu haujawahi kuandika herufi moja peke yake! Unaanza kushoto, unaacha nafasi ya neno zima. Ndivyo mkono ulivyozoea."

"Basi ni tabia mbaya hiyo."

Ukutani nyuma yake palikuwa na mchoro mkubwa wa uwanja utakavyokuwa. Niliitafuta nyumba yetu nisiione. Nikatafuta tena kwa kufuata kona. Ilikuwepo, ila ilikuwa imevalishwa skrini kutoka paani hadi chini, na kwenye skrini kuna mwanamke anayecheka meno yote akiwa ameshika chupa.

"Madirisha ya Shangazi yako wapi?"

"Nyuma ya skrini. Si tatizo, hakutakuwa na mtu ndani wa kuchungulia."

"Anashona kwa mwanga wa madirisha hayo! Miaka hamsini!"

"Ndiyo maana tunasema tunahuisha."

Sijui nini kilinisukuma. Labda ni sauti ya Mama Pacha iliyokuwa bado inanivuma masikioni, kifungu cha pili, kifungu cha pili. Nikaizunguka meza, nikaufuata ule mchoro, nikaubandika uso mpaka pua ikagusa karatasi. Pembeni chini palikuwa na maandishi madogo, madogo kama mayai ya chawa. Herufi zenyewe zilikuwa mbaya. Safari hii nilizisoma.

"'Skrini hii haitafungwa bila ridhaa ya mwenye nyumba,'" nikasoma. "'Wenye nyumba zote zenye alama wanaombwa kuhama kwa hiari.'"

Bwana Huisha akakohoa. "Nani kakuambia usome hapo?"

"Wanaombwa! Mmeandika wanaombwa! Na uwanjani mmeandika hama!"

"Ni suala la nafasi, mzee wangu. 'Tunakuombeni mhame kama mtapenda' haikai vizuri kwenye skrini. Bango linataka neno fupi. Wewe mtu wa mabango hulijui hilo?"

Nalijua, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ningekuwa mimi, na ukuta ni mdogo, ningefupisha vivyo hivyo.

"Kwa hiyo mtu akikataa?"

Alitazama saa yake. "Nyumba nyingine zote zinasubiri ya kona. Pasipo ile kona hakuna skrini kubwa, na pasipo skrini kubwa wenye mradi hawana haja na mtaa wenu. Lakini atakataa nani? Saa sita nakuja na karatasi. Shangazi yako ataweka dole gumba lake mwenyewe, kwa hiari yake. Wewe si ndiye uliyemwambia akiona H afurahi?"

Nilitoka pale mbio. Sikumbuki ngazi.

Nikaanza nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nimebeba habari njema kuliko zote nilizowahi kubeba: hakuna anayeweza kututoa, ni ombi tu, tukatae. Watu wa nyumba sitini na mbili zilizobaki wangenibeba juujuu.

Mama wa duka la dawa alinisikiliza kupitia tundu la dirisha.

"Kwa hiyo sasa H maana yake nini?"

"Ni hama, lakini si amri, ni ombi."

"Juzi hifadhi, jana hama, leo ombi. Kesho utaniambia ni H ya harusi."

"Nimesoma mwenyewe, dada yangu. Nimesoma kwa macho haya."

"Macho hayo hayo ya juzi?"

Akafunga tundu. Nyumba ya pili walinifungia nikiwa bado na mguu kizingitini. Ya tatu mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, akaniombea nipone. Nilipofika kwa Kinyozi sikumkuta. Kiti kilikuwa kitupu na taulo limeanikwa, saa tano asubuhi, siku ya kazi. Nikapita.

Mtu ukishakosa kuaminiwa, hata ukweli ukiwa mdomoni mwako unanuka. Nilisimama katikati ya mtaa nikiwa na ukweli wangu na nisijue wa kumpa. Pande zote mbili milango ilinitazama, na kila mlango una H, na kila H ina mkia mdogo mguuni, ule mkia ninaouweka kwenye kila kazi yangu ili watu waujue mkono. Nilijichongea kwa sahihi.

Ndipo nikaziona zile nafasi.

Kila mlango, kulia mwa H, palikuwa peupe. Mkono wangu mjinga uliacha nafasi ya neno zima, na neno lilikuwa halijaandikwa bado. Nikalitafuta neno lenyewe kichwani. Halikuwa mbali. Tukikataa sote pamoja kwa lugha yetu, si tunaanza na herufi hiyo hiyo? Hatutaki. Hatutoki. Hatuhami.

Nilikimbilia karakana nikachukua kopo la rangi nyekundu, brashi bapa namba nane na kitambaa. Nikapiga magoti mbele ya mlango wa Shangazi. Ndani cherehani ilikuwa inakwenda.

Nikaanza kuandika. A. T. U. H nyingine, na mkia wake. Sikuwahi kuandika nikiwa na hasira namna ile, na sikuwahi kuandika vizuri namna ile. A. M. Nilipomaliza I ya mwisho nafasi ilikuwa imeenea barabara, sikuhitaji kubana wala kutanua.

HATUHAMI.

Cherehani ikanyamaza.

Mlango ukafunguliwa. Shangazi alisimama, tepu ya kupimia shingoni, sindano mbili kifuani kwenye nguo. Aliitazama ile rangi mbichi. Akanitazama mimi niliyepiga magoti.

"Shikamoo, Shangazi."

Hakuitikia. Maisha yangu yote hajawahi kuninyima marahaba.

"Umeandika nini hapo?"

"Nimeandika hatuhami, Shangazi. Hawawezi kukutoa. Nimesoma kwenye karatasi yao. Ni ombi, na wewe unaweza kukataa. Akija na wino mwambie hutaki, basi, imekwisha!"

"Hatuhami."

"Ndiyo."

"Na ile ya kwanza uliniambia umeandika nini?"

"Hifadhi."

"Basi leo nitajuaje?"

Nikaitazama brashi yangu.

"Niambie," akasema, na sauti ikaanza kupanda. "Mimi nitajuaje? Mlango ni wangu, unaandika wewe. Neno ni langu, unalijua wewe. Siku ile hukuniuliza, leo hukuniuliza. Nilikusomesha ili uwe macho yangu. Nilijua haya yangu hayatasoma, nikasema basi, nitamnunulia mtoto wa kaka yangu macho, atanisomea. Kumbe nimejinunulia mdomo!"

"Nisamehe, Shangazi."

"Niondolee nisamehe zako hapa!"

Wakati huo huo Bwana Huisha alikuwa anakatiza uwanja kuja kwetu, karatasi imebanwa juu ya ubao mdogo, kikopo cha wino mkononi. Pembeni yake alikuja Kinyozi. Nikafurahi kumwona, mjinga mimi. Nikasema moyoni, huyu ananichukia, lakini jana alisoma ukweli mbele ya watu wote. Shangazi naye akawaza hayo hayo.

"Kinyozi!" akaita. "Njoo hapa mwanangu. Wewe jana ulinisomea kweli. Nisomee mlango wangu."

Kinyozi akaja. Akalitazama neno, midomo yake ikilifuata polepole. Nikaona kabisa kwamba amelisoma, maana alipofika mwisho jicho lilimcheza. Kisha akamtazama Bwana Huisha.

Bwana Huisha akajikuna shingo. Pale pale, kwenye ule mstari ulionyooka kama rula.

Nikauona mara ya pili. Na safari hii nikausoma. Mtaa mzima ni mtu mmoja tu anayenyoa mstari kama ule.

"Imeandikwa hama, Shangazi," Kinyozi akasema. "Neno lile lile la jana."

"Mwongo!" nikaruka. "Mwongo mkubwa we! Soma tena!"

"Nimesoma."

"Shangazi, kamnyoa huyu! Angalia shingo! Walikuwa pamoja asubuhi!"

"Nyamazeni wote," Shangazi akasema.

Akausogelea mlango. Akanyoosha kidole, akaanza kwenye bawaba kwenda kwenye kitasa, bila kugusa rangi, kama anavyohesabu vifungo vya koti la mteja. Moja. Mbili. Tatu. Tulimsikiliza sote watatu. Alipofika mwisho akageuka.

"Nane," akasema. "La jana nilihesabu pia. Lilikuwa nne."

Kinyozi alitazama chini.

"Kwa hiyo wewe umeniongopea," Shangazi akamwambia.

"Shangazi, nimeahidiwa chumba chini ya skrini. Nina watoto watano." Akanigeukia mimi kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma. "Unanitazama nini? Mwenzako akinyolewa, zako tia maji! Ulitaka nisubiri nini?"

Nilishangilia, siwafichi. Nilisimama, nikajipangusa magoti, nikasema, "Umeona, Shangazi? Umeona nani mkweli?"

"Nimeona nani mwongo," akajibu. "Mkweli bado sijamwona. Yeye kuongopa hakukufanyi wewe kusema kweli." Akanyoosha kidole kwenye ile H ya kwanza. "Hii, ya siku ile ya hifadhi, na ya jana ya hama, na ya leo ya hatuhami. Ni herufi moja?"

"Ni moja, Shangazi."

"Ile ile?"

"Ile ile."

"Basi hata herufi zenyewe ni waongo kama nyinyi." Akamgeukia Bwana Huisha. "Lete huo wino."

"Shangazi, usifanye hivyo!" nikapiga kelele. "Nakuapia!"

Bwana Huisha alishafungua kikopo. Aliushika ule ubao kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaelekeza kwa kidole mahali pa kuweka. Shangazi akachovya dole gumba mpaka likawa jeusi tii. Karatasi ilikuwa upande mmoja, mlango wenye rangi mbichi upande wa pili, na yeye katikati. Akalitazama neno langu, herufi nane ambazo hata moja hakuijua. Akaitazama karatasi, ambayo nayo hakujua hata herufi moja yake.

Hakuweka dole kwenye karatasi. Hakuligusa neno langu.

Alinifuata mimi. Akanishika kidevu kwa mkono wa kushoto, kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo kunipaka mafuta kabla ya shule, na kwa mkono wa kulia akanikandamiza lile dole gumba katikati ya paji la uso. Alilikandamiza kwa nguvu mpaka nikasikia ukucha wake.

"Hiyo ndiyo H yako," akasema. "Wewe na Mama Pacha na makopo yako ya rangi. Hama."

"Nihame niende wapi, Shangazi?"

"Mimi nilipokuuliza jana limeandikwa nini, ulinijibu?"

Juu ya ngazi nikamsikia Mama Pacha akiita jina la Mungu. Kinyozi alikuwa anarudi nyuma taratibu kuelekea kwake. Mimi nilibaki nimesimama, brashi mkononi, wino unanitiririkia puani.

Bwana Huisha peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Akakitazama kidole cha Shangazi, akaona bado ni cheusi, akaisogeza karatasi karibu yake.

"Pole pole, mama yangu," akamwambia. "Wino haujakauka."

Na Shangazi akamgeukia.